Kufuli la Sanduku na Mlango wa Chumba

Kila mali ina mwenyewe, na kila mwenye mali huhitaji mpaka. Palipo na watu wengi pasipo mipaka, ugomvi haukosi kuzuka. Ndivyo ilivyo shambani na nyumbani, na ndivyo ilivyo ndani ya kompyuta pia, ambamo mali ni maandishi, hesabu na picha. Vitu hivyo hutunzwa katika mafaili, na mafaili huwekwa katika folda.

Mwaka 1969, Ken Thompson na Dennis Ritchie, wataalamu wa maabara za Bell huko Marekani, walianza kuunda mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioitwa Unix. Kompyuta za siku zile zilikuwa ghali, na watu wengi walitumia moja kwa pamoja. Kwa hiyo ilipasa kila faili lijulikane ni la nani. Mfumo wa Linux, ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ulifuata desturi hiyo hiyo.

Katika mifumo hii watu hugawanywa mafungu matatu: mwenye faili, kundi, na watu wengine wote. Haki nazo ni tatu: kusoma, kuandika, na kutekeleza, yaani kuliendesha faili kama programu. Kusoma huhesabiwa 4, kuandika 2, na kutekeleza 1. Faili likiwa na alama ya 640, mwenyewe hulisoma na kuliandika, kundi hulisoma tu, na wengine hawana haki yoyote. Alama ya 777 humpa kila mtu kila haki. Huo si ukarimu, ni uzembe.

Haki hizi zikiwekwa juu ya folda hubadilika maana. Kusoma folda ni kuona orodha ya majina yaliyomo. Kutekeleza ni kuruhusiwa kupita ndani. Kuandika ni kuruhusiwa kuongeza na kuondoa vilivyomo. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa maana kufuta faili ni kuliondoa jina lake katika folda. Basi mtu asiye na haki hata moja juu ya faili aweza kulifuta, maadamu ana haki ya kupita na kuandika katika folda lilimo.

Mkazi wa Ruiru hatapata taabu kulielewa jambo hili. Mji huu, uliozungukwa zamani na mashamba ya kahawa, leo umejaa nyumba za kupanga, na wapangaji wengi huingia kwa lango moja. Mpangaji aweza kulitia kufuli sanduku lake. Lakini akiacha mlango wa chumba wazi, mwizi hana haja ya kuvunja kufuli. Hulibeba sanduku pamoja na kufuli lake, akaenda zake.

Nilipata kuyaona hayo katika shule moja. Msichana wa kidato cha nne alikuwa amefanya mradi wake wa somo la kompyuta kwa majuma mengi, na faili lake amelifunga wenzake wasilisome wala kulibadili. Asubuhi moja halikuwapo. Folda ilikuwa ya wote, na mtu aliyetafuta nafasi alikuwa amefuta asichokijua. Wanafunzi wakaanza kushukiana, na marafiki wawili wakaacha kusalimiana. Msichana yule akauanza mradi upya, jioni baada ya jioni.

Dawa ilikuwa nyepesi. Kila mwanafunzi alipewa folda yake, na ile ya wote ikatiwa alama maalumu: kila mtu huweza kuweka faili humo, lakini haliwezi kufutwa ila na mwenye faili, mwenye folda, au msimamizi mkuu wa kompyuta. Msimamizi huyo hazuiwi na kufuli la namna hii. Kwa hiyo kazi yake yataka mtu mwaminifu.

Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huwapasa watunzao habari za watu kuzilinda. Lakini sheria haifungi folda. Hufungwa kwa mkono wa mtu. Basi, kijana, kabla ya kuhifadhi kazi yako mahali pa wengi, usiulize tu faili ni la nani. Uliza pia folda ni ya nani, na ni nani aruhusiwaye kuandika ndani yake.