Mnunuzi hanunui mlima

Haya wadau, baba yake rumeti wangu anauza Corolla ili ada ya muhula ilipwe, na kazi ya picha nimepewa mimi. Hapa SUA Milima ya Uluguru tunayo bure, basi kila mtu anataka iingie yote, gari linabaki kama kiberiti! Mnunuzi hanunui mlima jamani.

Tulitoka saa 1 asubuhi, jua bado liko chini, mwanga unalala ubavuni na umbo la bodi linaonekana. Nikachuchumaa mpaka kamera ikawa usawa wa taa, nikarudi nyuma hatua kama 10, ndo nikavuta kwa zumu. Ukipigia karibu, boneti inavimba kama uso ulioumwa na nyuki. Ukivuta kwa mbali gari linakaa sawa, na mlima wenyewe unaonekana mkubwa zaidi. Kilele kilikuwa kimekaa juu ya paa kama kofia, nikahama kushoto kidogo.

Kwenye kuhariri nimenyoosha picha iliyolala, nikaangaza kivuli cha chini. Basi. Rumeti akataka nifute palipobonyea mlango wa nyuma. Nikagoma, nikapapigia picha yake peke yake. Mtu atoke Dodoma na hela zake aje apakute pale, si atageuza? Na ada je?

Picha ziko 6. Mwenye mjomba anayetafuta gari anishtue.