Kantoni 26, Majimbo 26



Katika mazungumzo yenu neno moja linarudi mara kwa mara: shirikisho. Wapo wanaolitamka kwa matumaini, kana kwamba likishaandikwa katika katiba, barabara zitajitengeneza zenyewe. Wazee wetu hulisikia kwa hofu, kwa maana wanakumbuka kwamba mwaka 1960 Katanga na Kasai ya Kusini zilijitenga, na damu nyingi ikamwagika. Mimi ni mwalimu, na naomba tuwatazame waliokwisha kulijaribu neno hilo, kabla ya kulipenda au kulichukia.

Uswisi ina kantoni 26. Nasi, tangu mwaka 2015, tuna majimbo 26 tukiuhesabu na mji wa Kinshasa. Hesabu ni moja, ingawa Uswisi nzima ingeingia ndani ya Kongo zaidi ya mara 50. Ina lugha nne za taifa, na mwaka 1847 kantoni saba za Kikatoliki zilipigana na wenzao katika vita vya majuma machache. Mwaka uliofuata waliandika katiba ya shirikisho, na nyumba hiyo ingali imesimama. Kila kantoni hutoza kodi yake na kusimamia shule zake. Tena katiba haibadilishwi mpaka wakubali wananchi walio wengi na kantoni zilizo nyingi.

Marekani ilijifunza somo hilo kutoka upande wa pili. Chini ya mkataba wao wa kwanza, ulioanza kutumika mwaka 1781, serikali ya umoja haikuwa na uwezo wa kutoza kodi. Iliziomba dola wanachama fedha, nazo zilitoa kadiri zilivyopenda, hata madeni ya vita yakashindikana kulipwa. Mwaka 1787 wakaandika katiba mpya, wakaipa serikali kuu mfuko wake. Ili wadogo wasimezwe, kila dola ikapewa maseneta wawili. Hata leo California, yenye watu karibu milioni 39, na Wyoming, isiyofikisha 600,000, zina sauti sawa katika Seneti.

Nijeria inatukaribia zaidi. Ilipata uhuru ikiwa na mikoa mitatu. Mwaka 1967 ikagawanywa kuwa majimbo 12, na tangu mwaka 1996 yako 36. Kila mgawanyo ulikuja na tumaini la kuisogeza serikali karibu na raia. Lakini majimbo yaliyo mengi hayajitoshelezi kwa kodi zao wenyewe. Kila mwezi hungojea mgao kutoka Abuja, na sehemu kubwa ya fedha hizo imetokana na mafuta ya petroli. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi. Gavana asiye na mapato huheshimiwa kwa cheo tu.

Turudi kwetu. Kwa miaka mingi nilichora ubaoni Katanga iliyo moja. Leo nachora nne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Katiba yetu ya mwaka 2006 haitumii jina la shirikisho. Hata hivyo, kifungu cha 175 kinayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, yazuiliwe palepale yanapokusanywa, na kifungu cha 181 kinaunda mfuko wa kusawazisha maendeleo kati ya majimbo. Tangu hapo majimbo yamekuwa yakilalamika kwamba asilimia 40 haiwafikii kama ilivyoandikwa. Ndiyo maana sitegemei kwamba jina jipya peke yake litatuponya, ikiwa ahadi iliyomo katika jina la sasa haijatimizwa.

Tena tujihadhari na choyo. Lualaba ina shaba na kobalti; mtoto wa jimbo lisilo na mgodi naye anahitaji dawati. Mwaka 1931 Papa Pio wa Kumi na Moja alifundisha kanuni ya auni: linalowezekana kwa jumuiya ndogo, kubwa isilinyang'anye, bali iisaidie ndogo inapoelemewa. Nchi za Ulaya ziliiingiza kanuni hiyo katika Mkataba wa Maastricht wa mwaka 1992. Ina miguu miwili, uhuru na msaada, na anayeukata mmoja atachechemea.

Kwa hiyo, mtu akija kuwahubiria shirikisho, au kuwatisha nalo, msimpigie makofi wala kumzomea. Mwulizeni kwa adabu: nani atakusanya kodi, na kiasi gani kitabaki jimboni? Jimbo maskini litasaidiwa na nani? Na sisi raia tutawezaje kumwajibisha gavana aliyezipokea fedha hizo? Majibu yake mkayalinganishe na vifungu vya 175 na 181, mvisome pamoja katika kikundi chenu.