Kijana Akiuliza, Tusimnyamazishe

Jioni moja, baada ya sala ya magharibi, tulikuwa tumeketi barazani kwetu Mabibo. Kijana wetu, aliye kidato cha tatu, akatuuliza: "Baba, wale wanaoripua mabomu husema wanaipigania dini yetu. Ni kweli?" Tukamkemea: "Nyamaza! Maneno hayo yatatutia mashakani." Akainama. Wala tangu siku ile hakutuuliza tena neno lolote la dini.

Tulidhani tumemlinda, kumbe tumemwacha peke yake.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Twaikumbuka Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, bomu liliporipuka penye ubalozi wa Marekani hapa Dar es Salaam likaua watu 11, na jingine, asubuhi hiyo hiyo, likaua zaidi ya 200 Nairobi. Wengi wao walikuwa Waafrika waliotoka majumbani mwao kutafuta riziki, na Waislamu walikuwamo. Basi hiyo ni dini gani iliyopiganiwa?

Wataalamu nao wameuchungua ugonjwa huu. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilitoa uchunguzi wake katika Afrika, ambao ndani yake walihojiwa watu 495 waliojiunga na makundi hayo kwa hiari yao. Walipoulizwa ni jambo gani lililowasukuma hata wakajiunga, 71 katika kila 100 walitaja tendo la serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Na 57 katika kila 100 walikiri kwamba maandiko ya dini huyafahamu kidogo tu, au hawayafahamu kabisa, au hata hawayasomi. Tena ilionekana kwamba aliyepata elimu ya dini kwa miaka sita au zaidi alikuwa mbali zaidi na kujiunga.

Hapa pana mafunzo mawili. Serikali yapasa kuilinda nchi kwa haki, kwani dhuluma huzaa askari wa adui. Na sisi wazazi yatupasa kuilinda kwa elimu, tuwafundishe watoto wetu kwamba hata aliyedhulumiwa hana ruhusa ya kumwaga damu ya asiyemkosea.

Tulipokwisha kuyasoma hayo tulimwita kijana wetu, tukamwambia: "Mwanangu, sisi ndio tuliokosa. Uliza." Akakaa kimya kitambo, kisha akasema kwamba jibu alikwisha kulitafuta katika simu, kwa mtu asiyemjua. Tulitetemeka. Usiku ule tuliketi naye mpaka saa tano, na tulichoshindwa kumjibu tulikwenda naye kesho yake kwa mwalimu wa madrasa.

Wazee wetu walinena: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ndugu zetu, ulimwengu wa leo umo mfukoni mwa mtoto, nao haulali. Tusimwachie kazi yetu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu na nchi yetu. Amin.