Kupakia, Kupakua na Kuchota

Wataalamu wa kompyuta wameazima kwetu vitenzi viwili vya bandarini na jikoni. Kupakia ni kutia shehena chomboni. Kupakua ni kuishusha, na pia ni kutoa chakula chunguni na kukitia sahanini. Vitenzi hivi vimezoeleka, wala sina ugomvi navyo. Hoja yangu ni kwamba ipo kazi ya tatu, inayofanyika kila siku ndani ya simu zetu, ambayo yastahili kitenzi chake yenyewe.

Tangu nilipostaafu kufundisha Kiswahili katika shule za sekondari, makazi yangu ni Kibaha, na ndugu zangu wengi wako Kisarawe. Mpwa wangu aishiye huko ametujengea, mimi na malenga wenzangu, tovuti ndogo ya mashairi. Hapo awali, kila msomaji alipogusa jina la shairi, ukurasa mzima ulijengwa upya, tangu kichwa cha juu na orodha ndefu ya majina hadi shairi lenyewe la beti sita. Simu ililetewa tena maneno yaliyokuwa tayari mbele ya macho ya msomaji. Kwa mwanafunzi wa kijijini mwenye kifurushi kidogo na mtandao unaosuasua, huo ni mzigo wa bure, na pengine ndiyo sababu ya kuliacha shairi kabla hajalisoma.

Mpwa wangu akautengeneza upya kwa JavaScript, lugha ya programu iliyobuniwa mwaka 1995 na Brendan Eich. Sasa msomaji akigusa jina la shairi, programu hutuma ombi kwa seva, nayo seva hurudisha beti za shairi hilo tu. Kisha programu huitafuta sehemu ya ukurasa iliyopewa kitambulisho maalumu, huondoa shairi la awali na kuweka jipya. Orodha haitikisiki. Mbinu hii si ngeni: Microsoft iliitia katika kivinjari cha Internet Explorer 5 mwaka 1999, na mwaka 2005 Jesse James Garrett akaipa jina la Ajax. Siku hizi amri itumikayo sana huitwa fetch, neno ambalo Waingereza hulitumia pia kwa mtu aendaye kisimani kuleta maji.

Basi kitenzi chetu kipo: kuchota. Mtu huchota maji kadiri ya chombo chake, na kisima hubaki mahali pake. Maji ya Ruvu Juu, yanayosafishwa Mlandizi wilayani Kibaha, tangu mwaka 2020 yanafika Kisarawe kwa bomba, lakini hakuna anayeuhamishia mto nyumbani kwake. Kila mmoja hukinga ndoo yake.

"Mjomba," mpwa wangu aliniuliza, "sehemu gani ya ukurasa inafaa kuchotwa peke yake?"

Nilimjibu kwa kanuni ya arudhi: utoshelevu. Ubeti mzuri hujitosheleza kwa maana hata ukitengwa na wenziwe. Vivyo hivyo, shairi lichotwe pamoja na jina lake na jina la mtunzi. Lipewe anwani yake lenyewe, ili anayetumiwa kiungo alifikie shairi lilelile, na anayebonyeza kitufe cha kurudi alione shairi alilotoka kulisoma, asijikute nje ya tovuti. Na mtandao ukikatika, pasibaki peupe bila neno. Msomaji aambiwe, "Shairi halijafika, jaribu tena." Ukimya wa mashine humfadhaisha msomaji kama mshororo uliokatwa kabla ya kina chake.

Nalisema hili kwa sababu vijana wetu wengi hujifunza ufundi huu kwa Kiingereza kitupu, kisha huamini kwamba Kiswahili hakina cha kusema juu yake. Kumbe lugha iliyokwisha kutofautisha kupakia, kupakua, kuchota, kuteka na kukinga imeyapima mambo haya zamani. Ndani ya programu yake, mpwa wangu ameiita kazi hiyo chotaShairi. Mashine imeitii bila manung'uniko.

Mwenye kitenzi bora zaidi na akilete, tukipime pamoja.