Kiti cha Nyuma, Jumapili Asubuhi



Uingereza kuna mtihani wa udereva ambao hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuufanya. Anayeufanya huwa tayari ana leseni, na pengine ameshika usukani miaka ishirini. Hujiandikisha kwa hiari, akalipa ada, kisha wanachama wa mtaa wake humpangia mtu wa kuketi naye garini mpaka awe tayari kutahiniwa. Mtu huyo hapokei mshahara, wala wenyewe hawamwiti mwalimu: humwita mwangalizi. Chama kikubwa cha kazi hiyo, IAM RoadSmart, kiliundwa mwaka 1956, na mafunzo yake yametokana na Roadcraft, kitabu cha madereva wa polisi kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1955.

Haya tuliyajua kwa sababu ya binti wa dada yetu, anayeishi Leicester na kuuguza wagonjwa majumbani mwao. Leseni ya Kenya humfaa mkaazi kule kwa miezi 12 tu, kisha yampasa kufanya mtihani wao wa kawaida, aliufanya, akafaulu. Baadaye, usiku mmoja wa mvua, akiwa amesimama kwenye taa nyekundu, aligongwa kwa nyuma. Mwili ulipona, lakini kila alipoona taa za gari zikimjia kiooni, vidole vilitetemeka juu ya usukani. Na wagonjwa wake wako vijijini, ambako saa tano za usiku hakuna basi. Bila ya gari hana kazi, na bila ya kazi hiyo, karo ya wadogo zake wawili hapa Mombasa haina wa kuilipa. Mama yake alisema neno moja: arudi. Tulipopata safari ya kwenda kule, dada alituagiza tumtazame kwa macho yetu, kisha tumpe jawabu.

Mwangalizi wake alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mhandisi mstaafu, mtu wa maneno machache. Kwa kuwa si maharimu wake, binti alikuwa akifuatana na mke wa jirani. Wiki zile nne tulizokaa, kiti cha nyuma kikawa chetu. Mzee hakuuliza sababu. Aliondoa koti lake kitini, akatupisha.

Kabla ya kuwasha injini, dereva huzunguka gari: mafuta, oili, maji, taa, tairi. La mwisho katika orodha yao ni dereva mwenyewe. Je, amelala? Ana ghadhabu? Anaumwa? Jumapili ya pili binti alijibu kwamba ametoka zamu ya usiku na amelala saa tatu tu. Mzee akafungua mkanda wake, akasema leo hakuna safari. Tuliingia ndani tukanywa chai ya tangawizi, naye akatoa penseli akachora kona za barabara nyuma ya bahasha. Alikuwa ameendesha maili kumi na mbili kuja kwetu, na hakuonyesha kwamba amepoteza asubuhi yake.

Katika michoro ile tulifahamu jambo ambalo hatukupata kulisikia kwa dereva yeyote wa kwetu. Ukiwa katika kona, tazama mbali pale ambapo kingo mbili za barabara zaonekana kukutana. Ncha hiyo ikikujia, kona inazidi kubana, nawe punguza mwendo. Ikikukimbia, kona inafunguka. Mwendo wako uwe ule utakaokuwezesha kusimama ndani ya kipande cha barabara unachokiona ni kitupu. Vitabu vyao vya sheria za barabarani vinasema gari liendalo maili 30 kwa saa huhitaji mita 23 kusimama. Likienda maili 60, mita 73. Mwendo umezidi mara mbili, nafasi imezidi mara tatu!

Kisha dereva hutakiwa aseme kwa sauti kila anachokiona na anachokusudia kufanya. Sisi tuliosoma chuoni, mwanafunzi akisoma kwa sauti na mwalimu akisikiliza kimya mpaka pahala pa kusahihisha, hatukuona ugeni wowote. Binti alianza kwa aibu. Jumapili ya tatu sauti ilikuwa imetulia: "Mpira uani, huenda kuna mtoto. Basi limesimama, naona miguu chini yake."

Lakini dawa ya vidole vyake ilikuwa katika somo la kusimama. Simama pale unapoziona tairi za nyuma za gari la mbele zikigusa lami, ili ubaki na nafasi ya kutokea. Usiondoe mguu kwenye breki mpaka aliye nyuma yako naye asimame, apate kuiona taa yako. Na macho yasitoke kiooni. Kioo kile kile alichokuwa akikiogopa kikawa na kazi, naye akawa na la kufanya badala ya kungoja.

Tulimpigia dada simu kabla ya mtihani, si baada yake. Tulimwambia: mwache aendeshe. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza huyo mzee analipwa nini. Tulipomjibu kuwa ni chai, alituma kilo mbili za halua kwa msafiri wa kwanza aliyempata. Mtihani ulichukua kama saa moja na nusu, mtahini akiwa askari mstaafu, na binti alifaulu.

Tuliporudi tulimtaka kijana wetu ajaribu kusema kwa sauti, magharibi moja tukielekea Kilifi. Alicheka, akaanza: mkokoteni kushoto, bodaboda bila taa, matatu inasimama bila ishara, mbuzi, bodaboda nyingine, watoto wa madrasa wanavuka. Tangu Mtwapa hadi Kikambala hakupata nafasi ya kunyamaza, na mwendo wake, bila ya sisi kumwambia, ulikuwa umeshuka hadi kilomita 50.