Nani Kapika?

Likoni ya miaka ya 1980, kwa nyanya yangu upande wa Mtongwe, chakula hakikuulizwa kina nini ndani. Kiliulizwa kimetoka mkono wa nani. Mtoto akirudi na mahamri ya kununua, swali lilikuwa moja: nani kapika? Ukitaja jina, nyanya aliinua kidevu akamfikiria yule mama, na uani kwake, na kuku wake, na namna anavyojifunga leso. Kisha hukumu ikatoka: tule, au wapewe bata. Sijapata kuona mkaguzi wa serikali mkali kama kidevu kile.

Mwenyewe alijihimu. Mchele aliupepeta kwa uteo, kisha akauchagua punje kwa punje, chuya na vijiwe akavitupa. Samaki hakumtazama macho, kwa sababu macho muuzaji huyarushia maji yakang'aa. Alimwinua shavu kwa kidole atazame wekundu wa ndani, na likiwa limepauka alimrudisha siniani bila kusema neno. Nyumbani alimpaa, akamtumbua, akamsugua kwa chumvi na ndimu mpaka shombo imtoke. Maji ya kunywa yalikaa kwenye mtungi wa udongo uliofukizwa ubani. Yalikuwa ya kisima, yana chumvi kwa mbali, na kisima chenyewe hakikuwa mbali na choo. Hilo halikumshughulisha. Maji yakinukia ubani, basi ni safi.

Baba alipopata kazi bandarini tukahamia Changamwe, kwenye nyumba ya vyumba sita na familia sita. Chumba cha pili alikaa mama mmoja kutoka Kisii, Msabato. Sisi supu ya pweza ya jioni ilikuwa raha. Yeye pweza hakumtia kinywani, kwa kuwa hana mapezi wala magamba, na kwake Mambo ya Walawi hayana mjadala. Kamba vilevile. Nguruwe tulikubaliana pande zote. Akipata jogoo wa wageni alikuja naye mlangoni kwetu: "Baba Amina, nichinjie huyu, watoto wako nao wale." Na mamangu akipika kamba, sahani iliyovuka kwenda chumba cha pili ilikuwa ya mbaazi. Sikumbuki hata siku moja mtu kumwambia mwenzake chakula chako kichafu. Kuna chetu kisicholiwa kwao, kuna chao kisicholiwa kwetu, na sufuria zaazimwa kama kawaida, zikioshwa vizuri kwanza.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ndizo zilizotufunza kuogopa maji. Vyoo vya shimo vilifurika, visima vikaingiliwa, na kipindupindu kikatambaa nchini. Mamangu akaanza kuchemsha kila tone na kutia dawa, na harufu ya klorini ikashika nafasi ya ubani. Mombasa hupata maji kutoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 lililojengwa miaka ya 1950, lakini huku ng'ambo ya kisiwa mfereji ukifunguliwa mara nyingi hutoa hewa. Kwa hivyo twanunua mitungi ya lita 20 kwenye mkokoteni, na muuzaji huapa kwamba ni ya bomba. Twaonja kwa ncha ya ulimi. Yakiwa na chumvi, kaapa uongo.

Hata hivyo, uchafu huo wote ulikuwa wa kuonekana, au wa kuuawa kwa moto. Uliokuja Mikindani, mwendo mfupi kutoka kwetu, haukuwa hivyo. Kando ya kijiji cha Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007, kwa ajili ya kupata madini ya risasi, na kikaendelea mpaka 2014. Moshi wake ulitua juu ya mabati, maji yake machafu yakapita mbele ya milango. Phyllis Omido aliajiriwa pale mwaka 2009. Mwanawe mchanga akaugua, akatibiwa hiki na kile, mpaka damu ilipopimwa ikakutwa na risasi, na ikaelezwa kwamba imempitia kwenye maziwa ya mama. Niliposikia habari hiyo nilikaa chini. Maziwa ya mama ndicho chakula pekee ambacho hata nyanya hakukiulizia swali.

Omido akaongoza kijiji kudai haki. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, uamuzi ukapinduliwa kwenye rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha.

Mamangu alikuwa na mazoea ya kununua mchicha kwa mama mmoja wa pande hizo hizo za Mikindani. Aliuosha maji mara tatu, ya mwisho yakiwa na chumvi. Risasi haitoki kwa chumvi, haiishi kwa kuchemshwa, haina harufu. Na yule muuza mchicha alikuwa nadhifu kupita kiasi, leso yake daima imepigwa pasi. Kidevu cha nyanya kingempitisha.

Tukakimbilia pakiti, zenye lakiri na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Mwaka 2019 KEBS yenyewe ikazuia chapa kadhaa za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu ya kuvu, aflatoksini. Unga wenyewe mweupe pepe.

Siku hizi niko Kisauni na mamangu, aliyeshikwa na sukari, pamoja na mpwa wangu afanyaye kazi Nyali. Huyu binti hali unga mweupe, hanywi soda, na alfajiri husaga majani mabichi akayanywa, baada ya kuyapiga picha. "Halati, sukari ni sumu," huniambia, nami nina kikombe mkononi. Jioni yeye na nyanyake hula sahani moja: sima ya mtama, mchunga, samaki wa kuchoma. Mmoja daktari kamwamuru, mwingine kaona kwenye simu. Mamangu hunung'unika. Mchunga kwake ni mboga ya siku ambazo mshahara wa baba ulichelewa, na mgeni akibisha hodi tuliufunika haraka tukatuma mkate mweupe na siagi.

Kuhusu sukari binti hakosei. Ila ulaji wake una bei. Chini ya nyumba yetu mama mmoja hukaanga viazi karai kwa mafuta ya kupima, na ya leo huongezwa juu ya yaliyobaki jana. Huvifunga kwenye ukurasa wa daftari la shule, vyema vya mwalimu bado vyekundu chini ya ukwaju. Vijana wa bodaboda wanaokula pale hawahitaji kuhubiriwa juu ya mafuta yaliyorudiwa. Wanayaona. Mwenye shilingi 50 na njaa ya tangu asubuhi hana pengine pa kwenda.

Jumamosi moja tulikwenda Kongowea. Mpwa wangu akashika fungu la mchunga, akalinusa, akauliza, "Mama, hizi mboga zamwagiliwa maji gani?"

Muuzaji, mama wa Kigiriama wa makamo, hakuacha kufunga mafungu yake. "Ya mvua, mwanangu. Wewe ya kuziosha unayo?"

Binti akanigeukia. Mfereji wetu ulikuwa haujatoa tone tangu Jumatano. Tukanunua mafungu matatu, na tulipofika njia panda tukamsimamisha wa mkokoteni.