Mfuko Uliotupwa Dirishani

Msomaji wangu, huenda siku moja nawe utaingia chuo kikuu, na huko utafundishwa mengi juu ya ardhi, maji, miti na hewa. Nataka kukusimulia jambo lililonipata nilipokuwa mwanachuo katika mji wa Nairobi. Silisimulii kwa fahari, maana hamna fahari ndani yake. Lilitokea wakati nilipokuwa nikihesabiwa miongoni mwa vijana walioyajua mambo hayo vizuri kuliko wenzao.

Mwaka 2016 nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa masomo. Tulikuwa na chama cha kutunza mazingira, nami nilikuwa katibu wake. Tulifanya mikutano, tukaandika maazimio, na mara moja kila muhula tulipanda miche mbele ya wageni wa heshima. Miche ile ilipigwa picha nyingi. Ama maji, ilimwagiwa mara moja tu, siku ile ile ya picha.

Mwezi wa Machi nilichaguliwa kutoa hotuba juu ya msitu wa Karura. Nilijitayarisha kwa bidii. Nilieleza jinsi sehemu za msitu ule, uliomo ndani ya mji wenyewe, zilivyogawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Jinsi Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha chama cha Green Belt Movement mwaka 1977, alivyokwenda kupanda miti huko mwezi wa Januari mwaka 1999, akapigwa hata akajeruhiwa kichwani. Na jinsi wanafunzi wa vyuo vikuu walivyotoka kumwunga mkono, wakapambana na polisi barabarani. Nilipofika hapo sauti yangu ilitetemeka. Nikamaliza kwa kusema kwamba ujenzi ule ulizuiliwa, msitu ungali umesimama, na Profesa mwenyewe alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Watu walipiga makofi sana. Nikaketi nikijiona kana kwamba nami nilikuwapo Karura siku ile, ingawa mwaka 1999 nilikuwa mtoto wa miaka mitatu.

Sasa nikupeleke chumbani kwangu. Nililala ghorofa ya tatu, na pipa la takataka lilikuwa chini, nyuma ya jiko. Juu ya kitasa cha mlango nilitundika mfuko wa plastiki, mmoja katika ile iliyotolewa bure madukani siku zile. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilikadiria kwamba maduka makubwa peke yake katika Kenya yaligawa mifuko milioni 100 kwa mwaka. Mfuko wangu ulipojaa, nilingoja usiku, nikaufunga fundo, nikafungua dirisha. Nyuma ya bweni palikuwa na nyasi ndefu na mtaro wa kupitisha maji ya mvua.

Utaniuliza, je, sikujua? Nilijua. Nilijua kwamba plastiki haiozi kama ganda la ndizi, na ningeweza kukueleza jinsi mfuko mmoja ukinasa mtaroni unavyozuia majani, na majani yakazuia tope, hata njia ikazibika kabisa. Lakini ngazi zilikuwa nyingi. Tena niliona haya kuonekana mchana nimebeba takataka, mimi msomi. Zaidi ya hayo palikuwa na mama mmoja mfagizi aliyelipwa kusafisha ua, na nilijiambia moyoni kwamba sisi tusipotupa, yeye atakosa kazi. Hoja ya namna hii huipati kwa mtu asiyesoma.

Mwishoni mwa Aprili mvua ilinyesha usiku kucha. Maji yalikosa njia mtaroni, yakarudi, yakaingia vyumba vya chini. Katika chumba kimoja alilala mwenzetu wa mwaka wa mwisho. Likizo nzima alikuwa amezunguka kwa miguu katika mashamba ya kwao, akiwauliza wakulima maswali na kuandika majibu yao kwa mkono, kwa ajili ya tasnifu yake. Karatasi zile zilikuwa ndani ya boksi chini ya kitanda. Kulipokucha zilikuwa uji mtupu.

Asubuhi ile mama mfagizi alikuwa ndani ya mtaro, maji yakimfika magotini, akitoa mfuko mmoja baada ya mwingine. Sisi tulisimama ukingoni tukitazama. Wachache tu walishuka kumsaidia, na mimi sikuwa miongoni mwao. Mfuko mmoja ulipasuka mikononi mwake, zikatoka karatasi zilizokunjwa. Alizikunjua, akasoma jina lililokuwa juu, kisha akaniita. Ilikuwa nakala yangu ya kwanza ya hotuba ya Karura.

"Hii ni yako, mwanangu," alisema akinipa. "Imepotea namna gani hata ikafika huku? Kaianike, labda utaihitaji."

Nadhani hakuwa akinidhihaki. Nilimshukuru, nikaichukua.

Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ile ilipigwa marufuku nchini. Majaribio ya mwaka 2007 na 2011 hayakufaulu, lakini safari hii adhabu ilikuwa nzito, faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo, na watu waliogopa. Chama chetu kilifanya sherehe, nami nikasoma risala. Baada ya wiki chache nilipita nyuma ya bweni. Mifuko ilikuwa imepungua kweli. Mtaroni mlikuwa na chupa za maji na za soda.

Lakini nimeruka jambo moja. Yule mwenzetu alirudi mashambani kuanza upya, na mwaka ule hakuhitimu na wenziwe. Aliporejea na majibu mapya nilijitolea kumsaidia kuyanakili. Usiku wa tatu kalamu ilinishinda, nikamwambia habari ya mfuko na dirisha, pasipo kuficha kitu. Alinyamaza kitambo kirefu, akipanga karatasi zake. Kisha akaniambia kwamba katika mwaka wake wa kwanza yeye alilala ghorofa ya nne, upande ule ule.